Redio ya upepo kwenye Land Cruiser: ilifungwa vibaya, nikaing'oa, nikaifunga upya

Mwezi wa tatu mwaka jana nilikwama Ndutu, kule mpakani mwa Ngorongoro na Serengeti. Sio kukwama kwa kuweka jeki ukachimba kidogo ukatoka, hapana, ni lile tope jeusi la mbuga linalonata kama ugali mbichi, tairi zote nne zimezama mpaka ekseli, wageni wanne ndani, saa kumi na moja jioni na mvua ndo kwanza inaanza. Simu haina mtandao hata wa kutuma meseji. Nikawaambia wageni msijali, nina redio, ile ya upepo ya kuitana gari kwa gari. Nikachukua maiki nikaita. Kimya. Nikaita tena. Kimya. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba wenzangu nilikuwa nawasikia vizuri kabisa, jamaa mmoja anacheka anasimulia mambo ya Simba na Yanga, Simba ya mpira sio ya porini, mimi huku naita mpaka sauti inakauka na hakuna anayejua kama nipo duniani.

Tulitolewa saa moja na nusu giza limeshaingia, na gari la kambi ya jirani walioona taa zangu kwa mbali. Sio redio iliyonitoa, ni bahati. Usiku ule kitandani nilikuwa na swali moja tu, inakuwaje mtu unasikia lakini husikiki?

Nitaeleza nilichokuja kukijua, kwa sababu naona waongoza watalii wengi (tafadhali usiandike gaidi, kuna mtu alishaniandikia hivyo kwenye kadi ya mwaliko wa harusi na kadi ikasomwa ukumbini) wananunua redio ya bei mbaya afu wanamkabidhi fundi yeyote aliye karibu. Mimi pia nilifanya hivyo. Gari nililinunua likiwa halina redio, Land Cruiser ya injini ya 1HZ iliyorefushwa, viti saba, paa la kunyanyua. Redio nikanunua VHF (ya mawasiliano ya karibu) ya wati 45, imetumika lakini nzima. Nikampelekea fundi wa miziki ya magari, kijana mzuri tu, anafunga spika na skrini mpaka unapenda mwenyewe, akanifungia kwa masaa mawili. Ikawaka. Ikasikika. Tulijaribu na mwenzangu aliyekuwa nje ya geti la gereji, mita hamsini, akasema nakupata safi kabisa. Nikalipa nikaondoka. Mita hamsini! Hata ningefungua dirisha nikapiga kelele angenipata.

Niliporudi Arusha baada ya ile safari nikaelekezwa kwa mzee mmoja pale Ngarenaro, amestaafu siku nyingi, zamani alikuwa anafunga redio kwenye magari ya mashirika kule Ngara kipindi cha wakimbizi wa Rwanda, 1994 kile, kambi ya Benaco. Kama umewahi kuona zile Land Cruiser nyeupe zenye antena nene ndefu mbele kwenye ngao (yale mabomba ya mbele ya bampa), ncha imevutwa nyuma na kamba kama ndoano ya kuvulia samaki, basi zile ndo kazi zake. Zile ni HF, redio za mawasiliano ya mbali sana, kitu kingine kabisa na nitazigusa mbele kidogo.

Nikampa shikamoo, marahaba mwanangu, nikaanza kujisifu. Mzee redio yangu wati 45, ya kampuni kubwa, ina chaneli kibao. Akanikatisha.

"Wati sijakuuliza. Ethi yako iko wapi?"

Nikabaki natoa macho. Nilikuwa sijui hata kama antena ina ethi, najua ethi ni ya betri.

Akachukua mita yake, ile ya kupimia volti, akaweka kwenye betri injini imezimwa, 12.3. Poa. Akaenda nyuma ya redio akapima pale waya unapoingia, akaniambia bonyeza maiki. Nikabonyeza. Mita ikashuka mpaka 10.4 na kioo cha redio kikafifia kama kibatari kinachoisha mafuta. Hapo nikakumbuka kule Ndutu nilikuwa nakiona kile kioo kinafifia kila nikibonyeza, nikadhani ndo kawaida yake.

Kumbe yule kijana alichukua umeme kwenye soketi ya sigara. Ule waya ni mwembamba, umetengenezwa kuchaji simu na vitu vya hivo. Redio ikiwa inasikiliza tu inakula umeme kidogo sana, haifiki hata ampea moja, ndo maana nilikuwa nawasikia watu vizuri. Ukibonyeza kuongea, redio ya wati 45 inavuta ampea 10 mpaka 12 kwa mkupuo. Waya mwembamba hauwezi kupitisha mzigo huo bila kupoteza volti njiani. Mzee alinipigia hesabu kwa chaki kwenye mlango wa gereji: waya wa milimita 1.5 za mraba, mita 4 kwenda na 4 kurudi, kwa ampea 11 unapoteza kama volti 1 nzima. Waya wa milimita 6 umbali uleule unapoteza kama robo ya volti tu. Na huo wa soketi yangu ulikuwa mwembamba hata kuliko hiyo 1.5. Redio nyingi za gari zimetengenezwa kwa volti 13.6, ukipanda au kushuka asilimia 15 bado zinavumilia, yaani chini kabisa ni kama 11.6. Mimi naipa 10.4. Haiongei hiyo, inahema tu.

Sawa, nikamwambia, lakini mzee kule porini niliwasha injini pia, alteneta inatoa 14, mbona bado sikusikika?

Akacheka. Akapanda juu ya gari.

Antena yangu ilikuwa imegandishwa na silikoni juu ya paa la kunyanyua. Paa lile ni faiba. Sasa antena ya kawaida ya gari, ile fimbo moja iliyosimama, ni nusu tu ya antena. Nusu nyingine ni bati la gari chini yake. Fimbo inahitaji bati pana la chuma la kuegemea, ukiiweka juu ya faiba ni kama umemsimamisha mtu kwa mguu mmoja juu ya maji. Ndo ile ethi aliyokuwa ananiuliza. Afu akafuata waya wa antena kwa kidole, akafika katikati akasimama, akaniangalia kwa huruma. Waya mweupe. Waya wa dishi la TV! Wa dishi ni omu 75, redio na antena zinataka omu 50. Wenyewe peke yake haukuwa ugonjwa mkubwa, ila ukiuongeza juu ya faiba na juu ya soketi ya sigara unapata picha ya gari lenyewe lilivyokuwa.

Akafunga mita nyingine katikati ya redio na antena, hii inapima SWR, yaani nguvu ngapi inatoka na ngapi inarudi kwenye redio. Injini inawaka, nikabonyeza, ikasoma 4 na kidogo, wakati 1 ndo hakuna kinachorudi. Maana yake zaidi ya theluthi ya nguvu ilikuwa inagonga mwamba inarudi ilikotoka. Na redio za siku hizi zina akili, zikiona nguvu inarudi zinajipunguza zenyewe zisiungue, kwa hiyo hata zile wati 45 nilizokuwa najisifia zilikuwa hazitoki. Zamani, mzee anasema, ingekuwa imeshaungua kitambo. Na hapo akaniwekea sheria ya kwanza, usibonyeze kabisa redio ambayo haina antena, hata kwa kujaribu, hata sekunde mbili.

Basi tukaanza upya. Alikubali tufanye pamoja, mimi nifanye yeye aangalie, kwa sababu "ikiharibika porini sitakuwepo". Ilichukua Jumamosi nzima na kipande cha Jumapili.

Waya wa umeme tulianzia kwenye betri yenyewe. Nyekundu na nyeusi, milimita 6, moja kwa moja bila kupitia switchi wala boksi la fyuzi la gari. Fyuzi ya ampea 15 tukaiweka karibu kabisa na betri, haizidi shubiri moja, na hapa naomba unisikilize: fyuzi hiyo hailindi redio, inalinda gari. Ile mita nzima ya waya inayopita pembeni ya injini, ikisuguana na chuma mpaka ngozi ikatoka na fyuzi ikiwa huku mwisho karibu na redio, hakuna kitu cha kuzuia moto. Barabara zetu unazijua, ile rasta, yale mawimbi ya barabara ya vumbi, ya kutoka geti la Lodoare kwenda geti la Naabi inalegeza mpaka meno. Kila sehemu waya unapopita tundu la chuma tuliweka mpira, na kila shubiri mbili tukafunga tai ya plastiki. Kwenye ukuta wa injini usitoboe tundu jipya kama huna sababu, Land Cruiser hizi zina tundu la zamani lenye kizibo cha mpira upande wa dereva au wa abiria, chokonoa kizibo pitisha waya, ziba na silikoni vumbi lisiingie.

Kama gari lako limetoka Japani na ni dizeli, pima volti kabla hujagusa kitu. Zipo zinazotumia volti 24, betri mbili zimeungwa mfululizo. Betri mbili peke yake sio ushahidi maana zipo zenye betri mbili na bado ni 12. Usikisie, pima. Redio ya 12 ukiipa 24 utasikia harufu kabla hujasikia sauti. Na usije ukasikia ule ujanja wa kuchukua 12 kwenye betri moja kati ya zile mbili, betri moja inachoka mapema kuliko mwenzake na zote zinakufa, nunua kipunguza volti kinachoweza ampea zako.

Ubaya wa kuunga moja kwa moja kwenye betri ni kwamba ukisahau kuzima redio inakula betri usiku kucha. Kwangu nimeamua hivyo hivyo kwa sababu nataka redio inayoongea hata funguo ikiwa mfukoni, na nina betri ya pili kwa ajili ya friji na kuchaji, redio ipo kwenye betri kubwa ya kuwashia. Wengine wanaweka rilei inayofuata switchi, ukitoa funguo redio inazima. Ni wewe na kumbukumbu yako.

Redio yenyewe nilitaka kuiweka juu ya dashibodi ionekane, mzee akagoma, jua la mchana linaipika na siku ukifunga breki za ghafla inakuja usoni. Tukaifunga chini ya dashibodi katikati na bolti za kupenya, sio skrubu za bati, kwa sababu skrubu kwa rasta ya wiki mbili tu zinaanza kucheza. Gari langu ni la zamani halina eabegi, kama lako linayo hakikisha redio na maiki haviko mbele ya eabegi. Na acha nafasi nyuma ya redio ipumue maana ukiongea sana inapata moto kweli.

Sasa antena. Hapa ndo palikuwa na kazi na machozi kidogo.

Machaguo yalikuwa matatu. Ngao ya mbele, ni rahisi, hutoboi bati, lakini chini yake hakuna bati pana, ni mabomba, kwa hiyo antena fupi ya robo wimbi (urefu wake ni robo ya urefu wa wimbi lenyewe) haipendi pale. Ukilazimika ngao basi nunua ile ya nusu wimbi ambayo haitegemei bati sana, kwa VHF inakuwa na urefu wa kama mita moja. Chaguo la pili ni ukingo wa boneti kwenye madigadi, na kile kipande cha chuma chenye umbo la L. Hapo pana ethi ya kutosha na hutoboi paa. La tatu ni kipande cha paa la mbele juu ya dereva, ambacho kwenye gari langu ni bati halisi halijaguswa na lile faiba la kunyanyua. Pana, pa juu, katikati.

Mzee akasema toboa hapo.

Aisee. Gari ya mamilioni, unaambiwa ushike drili utoboe paa tundu la milimita 19. Nilizunguka lile gari mara tatu. Nikamuuliza mzee na madigadi je, ni mbaya? Akasema sio mbaya, ila urefu wa kwenda juu ndo kila kitu kwenye VHF, akachukua chaki tena. Mawimbi haya yanakwenda kama macho, mbele kidogo ya upeo unaouona basi. Magari mawili kwenye tambarare, antena zote mita 2.5 kutoka ardhini, yanaonana kama kilometa 13. Ukizishusha zote mpaka mita 1.2 kwenye ngao, kilometa 9. Hiyo ni tambarare tupu, ukiweka kilima au msitu katikati inapungua. Afu akaniambia kitu ambacho kimenibakia: ukitoka wati 25 ukaenda 50 mwenzako huko masikioni hata hajui kama umeongeza, lakini antena ukiipandisha au ukiipa ethi nzuri anajua palepale. Nimenunua wati miaka yote hii na sikununua tundu.

Nikatoboa.

Kabla ya kutoboa tulishusha kitambaa cha ndani ya paa kuangalia kama hakuna waya wa taa au mhimili wa chuma. Tukabandika tepu ya karatasi ili rangi isichubuke. Baada ya tundu unakwangua rangi upande wa ndani tu, pale kitako cha antena kinapouma bati, ing'ae kabisa, ndo ethi yako hiyo, rangi ni kama plastiki haipitishi kitu. Juu unaacha rangi yake na mpira unakaa hapo kuzuia maji, na kwa roho yangu nikazungusha silikoni pia. Mpaka leo halijavuja, na masika imepita.

Waya wa antena ukawa RG-58, omu 50, mita 4 basi. Huu nao unakula nguvu, mita 5 kwa masafa haya zinapoteza kama asilimia 20 hivi, kwa hiyo waya uliobaki usiukunje chini ya kiti kama nyoka, kata. Konekta tulichomea kwa solda, hizi za kubana na koleo zinalegea. Na usiukunje kona kali wala kuupitisha mlango unapofunga, ndani ukibonyea tu umeshaharibika na kwa nje hauonekani.

Urefu wa fimbo unapigiwa hesabu. Chukua 7,500 gawanya kwa megahezi za chaneli yako unapata sentimita, mfano 150 inakupa 50, afu kiuhalisia inashuka kidogo inakuja kama 48. Sisi tulianza na ndefu makusudi. Unapima SWR kwenye chaneli ya chini na ya juu. Kama ya chini inasoma vizuri kuliko ya juu, fimbo ni ndefu, kata. Kama ya juu ndo nzuri, fimbo ni fupi na pole yako maana chuma hakiongezwi. Kata milimita tatu tatu, pima, kata, pima. Mzee alinikataza kukata nikiwa na njaa. Tukafika 1.3, akasema acha hapo, wanaotafuta 1.0 wanaishia kununua fimbo nyingine. Chini ya 1.5 kalale. Milango ifungwe wakati unapima na mtu asisimame karibu na antena, mimi nilikuwa nimeegemea gari namba zinaruka ruka nikadhani mita mbovu.

Kingine, fimbo yangu ina springi chini. Migunga ya Ndutu na Tarangire haikuulizi, ukipita chini ya tawi bila springi linaondoka na antena au na bati.

Tukawasha kila kitu, tukaita, tukajibiwa. Furaha. Afu nikawasha inveta.

Inveta ni ile inayobadili umeme wa betri kwenda 230 kwa ajili ya kamera na laptopu za wageni, kila gari la safari inayo. Nilipoiwasha redio ikaanza kukoroma shiiiii bila kukoma, hata skwelchi, ile ya kunyamazisha makelele, haikuzuia. Kumbe inveta za bei rahisi, na vile vichaji vya USB vya elfu tano, na hata baadhi ya taa za LED, ni vituo vya redio vidogo visivyo na leseni. Vinarusha kelele kwenye masafa yako. Tulihamisha inveta mpaka nyuma kabisa ya gari mbali na waya wa antena, tukabana vipande viwili vya feraiti (vile vya kubana waya kuzuia kelele) kwenye nyaya zake, ikatulia kama asilimia tisini. Kichaji kimoja cha USB nilikitupa, hakikusikia dawa. Na kama kelele yako ni mluzi unaopanda na kushuka ukikanyaga mafuta, hiyo ni alteneta, mara nyingi inaisha yenyewe ukichukua umeme betrini moja kwa moja na ukakaza ethi ya injini kwenda bodi, ule mkanda wa waya uliosukwa ambao kwenye magari ya zamani umeshaoza na hakuna anayeuangalia.

Kuhusu chaneli, hapa wengi wanadanganyana. Masafa sio ya bure. TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ndo wanagawa, kwa sheria ya mawasiliano ya 2010, na kampuni yako inatakiwa iwe na leseni ya masafa yake. Mimi nafanya kazi chini ya kampuni yenye leseni, chaneli zimeingizwa kwa kompyuta na mtu mwenye programu na kebo yake. Vile viredio vya mkononi vya Baofeng vinavyouzwa kila kona vinaweza kuingia masafa mengi, kuweza sio kuruhusiwa, unaweza kujikuta unapiga stori juu ya watu wenye kazi zao za dharura. Na vina wati 4 au 5 na antena ya mpira, ndani ya gari la bati ni kuongelea kwenye sufuria.

Pia ukiona unasikia wenzako ila ripita (mtambo wa juu mlimani unaopokea sauti na kuirusha tena mbali) haikufungukii, kabla hujafungua boneti muulize aliyekuwekea programu kama ameweka toni. Ripita nyingi zinataka toni ndogo isiyosikika ndo zifunguke. Bila hiyo unaongea na mlango uliofungwa.

Nilisema nitagusa HF. Kwa kifupi, VHF ya kwetu inaenda kama macho, HF inagonga juu angani inarudi, ndo maana wale wa mashirika walikuwa wanaongea kutoka Ngara mpaka Nairobi bila mnara wowote katikati. Inataka antena kubwa, inabadilika mchana na usiku, na ina makelele ya kukuchosha. Mzee anaipenda mpaka leo, amebaki na redio moja ya HF ya zamani, Codan, mezani kwake na jioni anaiwasha kusikiliza tu. Kwa safari za kaskazini huihitaji. Kwa mtu anayeenda Katavi au anavuka Kongo, ningesema aifikirie.

Majaribio tulifanya Jumapili. Mimi nilibaki Kisongo, mwenzangu akaendesha kuelekea Monduli anahesabu namba kwa sauti. Tulikwenda vizuri kabisa mpaka alipoingia nyuma ya kilima, akapotea katikati ya "kumi na sa", akaibuka upande wa pili yuko thelathini na kitu. Hiyo ndo VHF, haina mjomba. Mwezi uliofuata nikashuka Ngorongoro, kule chini ya kreta kila mtu anamsikia kila mtu, ni bakuli la kama kilometa 20 upana halina kilima cha maana katikati, lakini kumpata aliye nje ya ukingo ni mita 600 za mwamba zinakuangalia, bila ripita juu pale kaa kimya.

Kulikuwa na jamaa yangu upande wa msitu wa Lerai, mimi nipo karibu na ziwa Magadi la humohumo kreta. Nikabonyeza, nikahesabu moja kichwani kabla ya kuongea (hilo nalo mzee alinifundisha, ukibonyeza na kuongea papo hapo neno la kwanza linakatwa, unaita "Lerai" wao wanasikia "rai"), nikauliza kama kuna sharubu upande wake. Sharubu kwetu ni simba, kwa sababu neno simba kila mgeni analijua na akilisikia redioni anasimama kwenye kiti. Akajibu palepale, "nakupata kama uko kiti cha nyuma, sharubu wawili wamelala, njoo taratibu." Mama mmoja wa Kifaransa akaniuliza sharubu ndo nini, nikamwambia ni jina la hoteli.

Kilichobaki ni kindoano cha maiki, kilivunjika wiki ya pili, kwa sasa maiki inaning'inia kwenye kipande cha tyubu ya baiskeli na inafanya kazi kuliko kindoano.